Mwenyekiti wa Theluji

Lusajo alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe haukupata nafuu mpaka mwezi wa nne. Theluji ikianguka tu, macho yanamtoka. Wenzake wanatafuta makoleo wafukue magari yao, yeye kapiga magoti kando ya bomba la zimamoto, simu mkononi, anambembeleza kiumbe ambaye hakuna mwingine anayemwona. Mtu mzima huyo, ndevu zimejaa, kazi anayo kule kwenye ghala kubwa la Shakopee, Minnesota, na masomo ya jioni juu yake. Lakini mwonyeshe kichaka kilicholemewa na theluji, atakuambia huyo ni kifaru mwenye mafua, tena yuko kwenye foleni ya daktari.

Nisimseme sana, maana picha zake zilikuwa zinavunja mbavu. Alikuwa na kikundi kidogo kwenye simu, marafiki wachache tu, kinaitwa Viumbe. Kila kiumbe alitangazwa kwa mtindo uleule: jina, makazi, chakula, tabia. "Kiumbe wa leo: Bibi Harusi Aliyekimbia. Makazi: kituo cha basi. Chakula: ahadi. Tabia: huondoka kabla keki haijakatwa." Juu ya maneno hayo kuna picha ya benchi la kituo, theluji imelala pale na kuburuta mkia mrefu mpaka chini, na haki ya Mungu ukiitazama unaliona shela. Sheria yake ilikuwa moja: theluji haiguswi. Hutengenezi pua, huongezi sikio. Kiumbe lazima awe amejileta mwenyewe. Rafiki yake Moses alipothubutu kumtia kiumbe mmoja jicho la karoti, alitolewa kwenye kikundi siku hiyohiyo, akakaa nje mpaka alipoomba radhi.

Hata Pamela alimkuta katika hali hiyo ya kupiga magoti. Pamela alikuwa anasomea famasia pale chuo kikuu. Siku hiyo anapita zake, akamwona mtu kainama mbele ya ua wa miti, ananong'ona kwa Kiswahili, "Tulia basi, baba, usigeuke."

"Kaka, umepoteza funguo?" akamwuliza.

"Nyamaza," Lusajo akajibu bila kugeuka. "Utamtisha mamba."

Msichana mwingine angejiendea zake, tena kwa haraka. Pamela alipiga magoti palepale, akatazama, akatikisa kichwa. "Huyo si mamba. Huyo ni shangazi yangu akitoka saluni." Lusajo akageuka kumwangalia anayesema hivyo, na hapo ndipo alipokwisha kabisa.

Sasa mambo yakafika kwenye posa. Pamela alikuwa anaishi Hopkins, kwenye yale majengo ya zamani ya matofali, kwa baba yake mdogo, Mzee Gasto, na mkewe Dafrosa. Baba yake mzazi alikuwa Kibosho, na kutoka huko alikuwa ametuma neno moja tu: Gasto akikubali, nami nimekubali, Gasto akikataa, msinipigie simu. Kwa hiyo ndoa nzima ya Lusajo ilikuwa imewekwa mkononi mwa Mzee Gasto, na mkono wenyewe haukuwa mwepesi.

Mzee Gasto alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania wa mji huo. Alichaguliwa zamani, enzi simu bado zina vitufe, na tangu hapo uchaguzi ukawa unaahirishwa: mara baridi kali, mara kuna msiba, mara ukumbi haujapatikana. Si mtu mbaya. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Mgeni akitua uwanja wa ndege hana mwenyeji, Gasto anamfuata kwa gari lake mwenyewe na koti la ziada kiti cha nyuma. Ila kiti alikipenda, jamani! Na akikaa kwenye kiti hicho alikuwa na mkao wake: mikono imefungwa juu ya tumbo, mashavu yamemshuka, na kofia kaiinamisha upande wa kushoto. Watoto wa jumuiya walikuwa wanamwigiza, na kila mtu alikuwa anamjua mtu huyo hata kwa kivuli.

Posa ikapangwa Jumamosi. Jumatano theluji ikamwagika.

Pamela alikuwa jikoni anaosha vyombo, ghorofa ya pili, akatupa jicho dirishani. Chini uani kulikuwa na jiko la kuchomea nyama, la wapangaji wote, limeachwa nje tangu kiangazi. Theluji ilikuwa imelivamia. Tumbo lilikuwepo. Mashavu yalikuwepo, yameshuka. Vile vibao vya pembeni vya kuwekea sahani vilikuwa vimejazwa na kuunganishwa vikawa mikono iliyofungwa juu ya tumbo. Na juu kabisa, Mungu atusamehe, kulikuwa na kofia ya theluji iliyoinama upande wa kushoto. Pamela alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Akapiga picha palepale dirishani, akamtumia Lusajo na maneno mawili: "Mpe jina."

Lusajo alikuwa kwenye mapumziko, amesimama kwenye maegesho ya magari kule Shakopee. Akaivua glavu kwa meno, akaiangalia picha, akashika gari la mtu asianguke kwa kicheko. Akaandika: "Kiumbe wa leo: Mwenyekiti wa Kudumu. Makazi: kiti cha mbele. Chakula: paja la kuku na hotuba. Tabia: hayeyuki. Jua likiwaka, huahirisha." Vidole vilikuwa vimekwisha kufa ganzi, havijui vinabonyeza nini. Akatuma, akaizima simu, akaitia mfukoni, akarudi kazini anajichekea peke yake.

Zamu ilipokwisha akaiwasha simu, na simu ikatetemeka mpaka akadhani imeharibika. Picha haikwenda Viumbe. Ilikwenda kwenye kikundi cha jumuiya nzima, chenye wazee, mapadri, masheikh, na mwenyekiti mwenyewe ndani yake.

Katuni za kucheka zilikuwa zimefuatana hazina mwisho. Mmoja aliuliza kama kofia hiyo inapatikana dukani. Mwingine aliandika "Hii ni dharau," akafuta, kisha akatuma kicheko. Na katikati ya vurugu hiyo, Mzee Gasto mwenyewe alikuwa ameweka dole gumba. Basi, dole gumba tu, bila neno. Afadhali angetukana! Ukitukanwa unajua uombe radhi vipi, lakini dole gumba lile lilimkata Lusajo maini.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Faustino, mshenga wake, dereva wa basi la shule, mtu wa maneno mengi na matamu. Siku hiyo utamu ulikuwa umemkauka. "Kijana, wewe una akili timamu?" akafoka. "Mimi nimekaa wiki mbili natunga maneno ya bustani na maua, wewe umemwanika baba wa watu mbele ya jumuiya nzima! Sasa Jumamosi naingia mlango gani?"

Wa pili alikuwa Pamela, anazungumza chini chini kutoka bafuni. "Nitamwambia ni mimi niliyepiga."

"Thubutu!"

"Lusajo, picha ni yangu."

"Maneno ni yangu, na kidole kilichotuma ni changu. Sikiliza, Pamela. Wewe unakula kwake, unalala kwake. Mtoto wa nyumbani akimcheka baba yake hadharani, hicho ni kilio. Baba yako akisikia, utarudishwa Kibosho na vitabu vyako. Mimi ni mtu baki. Mtu baki akikosa, anatozwa faini, yanaisha. Picha nilipiga mimi. Umesikia?"

"Na utaweza kunyamaza wewe? Na mdomo wako huo?"

Swali hilo lilimchoma Lusajo, kwa sababu lilikuwa la haki. Mdomo wake ulikuwa haujawahi kutunza kitu tangu azaliwe Tukuyu.

Jumamosi theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi, manyoya makubwa makubwa, taratibu, bila upepo. Faustino alikuja na suti na marashi ya kutosha watu watano. Lusajo alivaa koti jeusi la heshima na viatu vya heshima, yaani viatu visivyofaa kitu chochote katika Minnesota. Wakabisha hodi, wakakaribishwa, wakakalishwa. Dafrosa akaleta chai na sambusa huku amebana midomo kwa nguvu. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote siku ile picha ilipotoka, na tangu Jumatano alikuwa hathubutu kumtazama mumewe wakati amekaa.

Na Mzee Gasto alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya tumbo, mashavu yameshuka, kofia upande wa kushoto. Lusajo alimwona akakaribia kufa. Alikuwa ni yuleyule wa uani! Ikabidi aume shavu kwa ndani, akitazama kapeti.

Faustino akakohoa, akasimama. "Mwenyekiti, sisi ni wapita njia. Tumepita barabarani, tukaona bustani, na ndani ya bustani hiyo tukaona ua limechanua..."

"Ua? Katika theluji hii?" Mzee Gasto akauliza.

Faustino akababaika. "Ni... ni ua la ndani, mwenyekiti. La kwenye chungu."

"Endelea. Ila nasikia siku hizi cheo changu kimeongezwa. Nasikia ni mwenyekiti wa kudumu."

Chai ikampalia Faustino, akaketi. Ndipo Mzee Gasto akatoa simu yake, akaivalia miwani, akaiweka mezani picha ikiangalia juu. Kwa desturi yetu, mgeni wa posa aliyekosea hutozwa faini kabla neno lake halijasikilizwa. Kachelewa, faini. Kakanyaga kizingiti bila hodi, faini. Lusajo alikuwa amejiandaa. Alijua akisema pole vizuri atapigwa faini ya blanketi au ya kreti za soda, wazee watacheka, na mambo yatasonga.

"Hii ni kazi ya nani?" Mzee Gasto akauliza.

"Yangu, mzee. Nimekosa, naomba radhi. Faini yoyote nitalipa."

"Maneno ni yako?"

"Yangu yote, mzee."

"Na picha?"

"Na... na picha."

"Uliipiga umesimama wapi?"

"Uani, mzee. Nilikuwa napita."

Mzee Gasto akainuka polepole, akamwashiria amfuate. Wakaenda mpaka jikoni, Faustino nyuma yao na sambusa mkononi, na Dafrosa nyuma ya Faustino, maana hakuna ambaye angekubali kupitwa. Mzee Gasto akakigusa kioo cha dirisha kwa kidole.

"Tazama chini," akasema. "Ukiwa uani, unaona mgongo wa jiko na ukuta. Nilishuka mwenyewe Jumatano nikahakikisha, tena kwa viatu vya ndani. Tumbo hulioni, mikono huioni. Hii kofia yangu inaonekana kutoka dirisha hili tu. Sasa, mke wangu akipiga picha anakata watu vichwa, jumuiya nzima inajua."

"Ni kweli," Dafrosa akakubali.

"Kwa hiyo, kijana, nataka kujua. Wewe umeingia lini jikoni kwangu, nami sipo?"

Jamani! Kitumbua cha Lusajo kilikuwa kimeingia mchanga, tena mchanga wa kokoto. Akisema aliingia, basi ni mwanamume anayenyemelea nyumba za watu wakati mwenye nyumba yuko kazini, na posa imekufa leo. Akisema hakuingia, basi aliyepiga yuko humu ndani, na humu ndani kabaki mtu mmoja. Faustino alimkanyaga mguu, halafu akamkanyaga tena. Maana ya kukanyaga huko Lusajo aliielewa vizuri: taja jina, ujiokoe. Nyuma ya mlango wa chumba cha Pamela kulikuwa na kimya cha mtu anayesikiliza kwa mwili mzima.

Mdomo wake ukafunguka wenyewe, kama kawaida yake, utani ukiwa umejipanga tayari. Akaufunga.

"Mzee," akasema, "jina nilitunga mimi. Paja la kuku nilitunga mimi, na kuahirisha nilitunga mimi. Faini ya hayo nipige, hata mbili. Lakini sikuwahi kuingia nyumbani kwako bila wewe kujua, na hilo la dirisha sitalijibu."

"Hutalijibu?"

"Sitalijibu, mzee."

"Hata nikikuonyesha mlango sasa hivi?"

Lusajo akautazama mlango. Akamfikiria Pamela amepiga magoti kwenye theluji akimtetea shangazi yake aliyetoka saluni, na roho ikamuuma kweli kweli, akaona ameshampoteza. "Hata ukinionyesha mlango," akasema.

Mzee Gasto akarudi sebuleni, akakaa, akarekebisha kofia. Kisha akaita kwa sauti kubwa, "Pamela! Njoo uwaone wageni."

Pamela akatoka amejifunga kitenge, macho chini, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Baba yake mdogo akamwuliza lile swali ambalo msichana wa kuposwa huulizwa siku zote. "Wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, Ba'mdogo."

"Na picha hii, unaifahamu?"

Lusajo akatikisa kichwa kwa nguvu nyuma ya bega la Faustino. Pamela alimwona, akamkazia macho, kisha akamgeukia mzee. "Naifahamu. Niliipiga mimi, Ba'mdogo, nikiwa naosha vyombo. Nilicheka mpaka nikavunja sahani, na sahani yenyewe nimeificha chini ya sinki. Nisamehe. Yeye alinikataza nisiseme."

Dafrosa alishindwa. Kicheko alichokibana tangu Jumatano kilimpasuka, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakitetemeka. Mzee Gasto alimsubiri amalize. Hakumaliza.

"Sahani niliiona Jumatano ileile," mzee akasema. "Na dirisha nililijua Jumatano ileile. Nilitaka kuona huyu bwana mwenye mdomo kuliko redio akibanwa atamwaga nini." Akavua miwani, akaifuta polepole. "Sawa. Faini ipo. Wewe Pamela, utanifundisha kupiga picha. Na wewe, vaa viatu vyako hivyo vya harusi, ushuke uani ukasimame kando ya jiko. Funga mikono tumboni. Usitikisike mpaka nikuambie."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka nikuahirishe."

Basi Lusajo akashuka. Akasimama kando ya Mwenyekiti wa Kudumu, ambaye kwa theluji mpya alikuwa amenenepa zaidi, akafunga mikono juu ya tumbo. Theluji ikamwangukia. Ikatua mabegani, ikatua kwenye nyusi, ikajaa kwenye mikunjo ya koti. Vidole vya miguu viliwaaga wazazi, kisha vikanyamaza kabisa. Jirani mmoja alipita na mbwa wake. Mbwa alimnusa, akamtilia shaka, akaenda zake. Juu dirishani Lusajo aliona vichwa viwili vimegusana, cha Pamela na cha mzee, na kwa kuwa dirisha lilikuwa limefunguliwa kidogo, alisikia kila kitu.

"Zima taa ya jikoni kwanza, Ba'mdogo, kioo kinarudisha mwanga."

"Hivi?"

"Hapo umejipiga mwenyewe. Igeuze."

"Huyu mbona anatetemeka? Mwambie viumbe hawatetemeki."

"Mvumilie, Ba'mdogo. Huyu bado mchanga."

Dafrosa alisikika anacheka mbali huko ndani, na Faustino, msaliti mkubwa, alisikika anaomba sambusa nyingine. Lusajo hakujua kama anaadhibiwa au anapimwa au anachezewa tu. Alijua kitu kimoja, kwamba hajaambiwa ndiyo wala hapana, na kwamba watu wameshafia thelujini kwa mambo madogo kuliko haya. Akaendelea kusimama.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akangoja. Ikatetemeka tena, na tena, na tena, mpaka uvumilivu ukamwishia. Akaitoa taratibu sana, mkono mmoja tu, bila kuangusha theluji ya begani.

Ilikuwa kikundi cha jumuiya. Picha ilikuwa imepinda, na kona moja kulikuwa na kidole cha Mzee Gasto, lakini aliyekuwa katikati alionekana vizuri: kiumbe mweupe mwenye ndevu za barafu, amefunga mikono, amesimama bega kwa bega na jiko la nyama. Katuni za kucheka zilikuwa zimeshaanza kumiminika. Chini yake mzee alikuwa ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa tupu, maana kuzipunguza hajui:

"KIUMBE WA LEO: MKWE WETU. MAKAZI: UANI KWANGU, MPAKA AITWE NDANI. CHAKULA: BADO HAJALA. TABIA: YA NDANI HAYATOI NJE, HATA AKIONYESHWA MLANGO."

Mtu mmoja alikuwa ameshajibu hapo chini kwamba kiumbe huyu anafaa kupewa uenyekiti. Mzee Gasto alikuwa amemjibu palepale: "KITI KINA MTU."

Lusajo aliisoma, akaisoma tena, na machozi yakamtoka moto moto yakachimba njia mbili kwenye theluji ya mashavuni. Alitaka kuruka, alitaka kupiga kelele Hopkins nzima isikie. Lakini alikuwa ni kiumbe, na sheria aliitunga mwenyewe, kwa hiyo alibaki amesimama vilevile, anacheka bila kutikisa mabega.

Dirisha likafunguliwa lote. "Mkwe!" Dafrosa akaita. "Pilau linapoa!"

Akapanda ngazi kwa uangalifu mkubwa, hatua kwa hatua, asiangushe hata chembe, kwa sababu alitaka Pamela amwone mzima mzima. Mlango ulikuwa wazi, na Pamela amesimama hapo, mkono umefunika mdomo, macho yamejaa maji na kicheko. Lusajo akainua mguu avuke kizingiti.

"Ishia hapohapo," Mzee Gasto akasema kutoka kwenye kiti chake. "Jikung'ute kwanza. Kapeti la mkweo hilo."